UZI MAALUMU: Oksijeni ya kutembea nayo kwa wagonjwa wa mapafu. Mashine ndogo au mtungi? Pitia hapa kabla hujatoa hela

#1 Mtoto wa Njombe (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Shikamoo kwa wakubwa.

Kila mara naona mtu anauliza "wapi nitapata mashine ndogo ya oksijeni ya mzee", anapewa namba ya muuzaji, mambo yanaishia hapo. Naomba tuwe na uzi mmoja wa kueleweka. Mimi namuuguza baba yangu. Ujana wake aliumalizia migodini, akaugua TB, dawa akamaliza na TB ikapona, lakini mapafu yakabaki na makovu. Nyumbani yuko kwenye mashine ya kuchomeka ukutani. Wenye wagonjwa wa namna hii mnajua shida inapoanzia: mrija ukiisha urefu, na yeye safari yake imeishia hapo. Kliniki, msiba, harusi ya mjukuu, hata kukaa barazani na wazee wenzake, kote kunataka mpango.

Msimamo wangu nauweka mapema: usianze na mashine, anza na kipimo cha mgonjwa wako akiwa anatembea. Watu wanatoa mamilioni kununua kifaa kizuri kabisa ambacho hakimtoshi mgonjwa wao.

Tuanze na nani anaihitaji. Oksijeni ya nyumbani ya muda mrefu ni tiba yenye vigezo. Daktari hupima damu ya mshipa wa ateri, na mpaka unaotumika sehemu nyingi ni kiwango cha oksijeni cha 55 mmHg kushuka chini, au kipimo cha kidole (kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu) kusoma 88 au pungufu mgonjwa akiwa ametulia na ameshapata dawa zake zote. Vigezo hivi vina historia. Mwaka 1981 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa wa COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, waliofuatiliwa kwa miaka 5. Waliopewa oksijeni saa 15 au zaidi kwa siku walikuwa 42, wakafa 19. Wasiopewa walikuwa 45, wakafa 30. Mwaka mmoja kabla yake utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wanaoitumia karibu mchana kutwa na usiku wanaishi zaidi ya wanaoitumia usiku peke yake. Kwa hiyo daktari akikwambia saa 15, hizo saa ndiyo dawa yenyewe. Na mtu anayetoka nyumbani ni vigumu kufikisha saa 15 kila siku kama oksijeni yake haitoki chumbani. Hapo ndipo kifaa cha kutembea nacho kinapokuwa na maana kubwa kuliko starehe.

Sasa njia zilizopo.

Mtungi mnaujua. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji umeme, unatoa mfululizo, na oksijeni yake ni safi kuliko ya mashine. Ubaya ni uzito na kwamba unaisha. Hesabu yake kila mlezi anapaswa kuijua kichwani: ujazo wa mtungi kwa lita, mara namba ya presha kwenye geji kwa bar, unapata lita za oksijeni zilizomo. Kisha gawanya kwa lita za dakika anazotumia mgonjwa. Mtungi mdogo wa lita 2 wenye presha ya 150 una lita 300. Mgonjwa wa lita 2 kwa dakika utamtosha dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Ule wa lita 10 kwa presha hiyohiyo una lita 1,500, saa kumi na mbili na nusu, ila huo huubebi begani.

Kuna regulata (kifaa cha kichwani mwa mtungi kinachopunguza presha) maalumu inayoachia oksijeni pale mgonjwa anapovuta pumzi tu. Hii inaweza kufanya mtungi uleule udumu mara mbili, mara tatu au zaidi. Watu wengi hapa kwetu hawaijui, na kwangu mimi ndiyo njia ya nafuu kuliko zote kwa mgonjwa wa safari fupi fupi.

Mashine ya nyumbani, konsentreta, haihifadhi oksijeni yoyote. Inavuta hewa ya chumbani yenye oksijeni 21 kwa mia, inaisukuma kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, kinachobaki ni oksijeni ya 90 na kitu kwa mia. Ya lita 5 inakula wati 300 hadi 350 hivi. Saa 15 kwa siku ni uniti 4 na nusu hadi 5 na ushee, yaani kama 135 hadi 158 kwa mwezi. Kaya iliyokuwa chini ya uniti 75 kwa mwezi inatolewa kwenye ile bei nafuu ya umeme, muijue mapema kwenye bajeti ya luku.

Sasa mashine ndogo za betri, ambazo ndizo wengi wanazitaka. Hapa naomba msome taratibu.

Zipo za aina mbili. Zile za kilo 2 hadi 3 za kuning'iniza begani hutoa kwa pumzi tu: zinahisi mgonjwa ameanza kuvuta, zinaachia kiasi kidogo, zinanyamaza. Zipo kubwa zaidi, za kilo 4 na nusu mpaka 8 au 9, zenye magurudumu, ambazo zinaweza pia kutoa mfululizo, kwa kawaida lita 2 mpaka 3 kwa dakika mwisho.

Namba iliyoandikwa kwenye zile ndogo SI lita kwa dakika. Mgonjwa wa lita 2 nyumbani, muuzaji anakwambia "weka namba 2, ni sawasawa". Si sawasawa. Nyingi za kilo 2 hivi zinazalisha lita 1 tu na kitu kwa dakika hata ukiweka namba ya juu kabisa. Zinategemea ujanja wa kuachia oksijeni mwanzo wa pumzi, pale inapofika ndani ya mapafu, badala ya kuimwaga wakati mtu anatoa pumzi. Kwa mgonjwa aliyekaa ujanja huo unafanya kazi vizuri. Mgonjwa akipanda ngazi anapumua mara 30 kwa dakika, na mashine nyingi zinagawa kile kiasi kilekile cha dakika kwa pumzi nyingi zaidi, kila pumzi inapata kidogo. Yaani anapohitaji zaidi ndipo kila pumzi inapopungua.

Namba 2 ya kampuni moja pia si namba 2 ya kampuni nyingine. Kila moja ina kiasi chake.

Ndiyo maana nasema mpime akitembea. Mwombe daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba amtembeze dakika 6 akiwa na kifaa hichohicho mnachotaka kununua, kipimo kikiwa kidoleni. Muuzaji asiyekubali kifaa kijaribiwe kwa mgonjwa kabla ya malipo, mimi nisingemlipa. Mzee wangu akikaa na mashine ndogo anasoma 92, akitembea kutoka sebuleni hadi getini anashuka 85. Mtungi wa kumwaga mfululizo lita 3, njia ileile, anabaki 90. Hivyo ndivyo tulivyoamua: nyumbani mashine ya ukutani, nje mtungi mdogo. Mgonjwa wako anaweza kuwa kinyume kabisa.

Ipo pia oksijeni ya kimiminika, iliyopoozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri. Lita moja ya kimiminika hicho inatoa lita 860 hivi za gesi, kwa hiyo chombo kidogo kinadumu muda mrefu. Inahitaji gari la kujaza lipite nyumbani mara kwa mara, na inageuka mvuke na kupotea polepole hata usipoitumia. Kwa kaya za huku sioni kama ni ya kuitegemea, nimeitaja kwa ajili ya ndugu walioko Ulaya na Marekani.

Karibuni. Wenye utaalamu sahihisheni na muongeze.

#2 mama_wawili

Asante sana mkuu, Mungu akubariki na mzee apate nafuu. Naomba kuuliza. Bi mkubwa wangu amepikia kuni maisha yake yote, sasa akifagia uwanja tu anahema mpaka anashika ukuta. Nimenunua kile kipimo cha kidole, kinasoma 94, wakati mwingine 93. Je, nimnunulie mashine ndogo? Maana naumia nikimwona.

#3 Nesi wa Wodi ya Mapafu

Dada mama_wawili, pole kwa kuuguza. Kwa namba hizo, usinunue kwanza.

Watu wengi wanachanganya kuhema na kupungukiwa oksijeni. Vinaweza kwenda pamoja, lakini mtu anaweza kuhema sana na oksijeni yake iko vizuri, na mwingine akawa 82 anapiga stori kama kawaida. Oksijeni inatibu upungufu wa oksijeni. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, wagonjwa 738 wa COPD ambao oksijeni yao ilikuwa imepungua kwa wastani tu, yaani 89 hadi 93 wakitulia, au ilikuwa inashuka wakitembea. Nusu wakapewa, nusu hawakupewa. Hapakuwa na tofauti katika vifo wala katika kulazwa.

Bi mkubwa apelekwe kwanza akapime upumuaji kwenye spirometa, moyo na damu. Upungufu wa damu unahemesha. Moyo unahemesha. Kama ni COPD ya moshi, dawa za kuvuta zinazofungua njia za hewa zitamsaidia kuliko mashine, na kubadilisha jiko kutasaidia kuliko vyote. Nyumbani mfundishe kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, anatoa kwa muda mrefu kuliko anavyovuta. Feni ndogo ya mkononi ikimpuliza usoni inapunguza ile hali ya kukosa pumzi, hili limefanyiwa utafiti na sisi wodini tunalitumia. Na asiache kutembea kwa kuogopa kuhema, miguu ikilegea kuhema kunazidi.

Niongeze kuhusu kipimo cha kidole, kwa sababu kinatuhusu sisi hasa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha kipimo cha kidole na kipimo cha damu. Kati ya wagonjwa ambao kidole kilisoma 92 hadi 96, karibu 12 kwa mia ya weusi walikuwa chini ya 88 kwenye damu. Kwa weupe haikufika 4 kwa mia. Ngozi nyeusi inaweza kufanya kipimo kisome juu kuliko ukweli. Kwa hiyo 92 ya kidole cha mgonjwa wetu isikuondoe wasiwasi kama ana dalili, mwombe daktari kipimo cha damu. Toa rangi ya kucha na epuka kidole chenye hina nyeusi, pasha mkono joto, subiri namba itulie ndipo usome.

Na jambo la hatari: msiongeze lita kwa huruma. Baadhi ya wagonjwa wa COPD wakipewa oksijeni nyingi wanajaza kabonidayoksaidi, wanaanza kichwa kuuma, usingizi, kuchanganyikiwa, mpaka kuzimia. Kwa hao tunalenga 88 hadi 92, si 98. Lita ni kama vidonge, anayebadilisha ni daktari.

#4 mama_wawili

Umenisaidia sana dada nesi, nilikuwa nimeshaongea na muuzaji. Wiki hii tunaanza na spirometa.

#5 fundi vifaa tiba DSM

Mleta uzi umesema vizuri, niongezee upande wa ufundi maana hizi mashine zinapita mikononi mwangu.

Mtandaoni kuna vimashine vya bei ya chee vimeandikwa "lita 1–7". Soma karatasi ya ndani kwa maandishi madogo: lita 1 ni asilimia 90, na kadiri unavyopandisha inashuka mpaka kwenye lita 7 ni asilimia 30. Hiyo ni hewa ya chumbani iliyoongezwa kidogo. Kwa mgonjwa aliyeandikiwa lita 3 hicho si kifaa cha tiba. Mashine ya maana inashikilia 87 hadi 96 kwa mia kwenye kila lita iliyoandikwa mpaka ya mwisho, na ina taa au kengele inayolia usafi ukishuka. Mashine ndogo za betri za kuaminika, hata huko Marekani zinaanzia kama dola 2,000. Ukiona ya dola 300 jiulize wamepunguza nini.

Vile vikopo vya kupulizia vya "oksijeni 95%" navyo. Kikopo cha lita 10, kwa lita 2 za dakika, ni dakika 5. Mgonjwa wa mapafu haendi navyo popote.

Mashine iliyotumika si dhambi kununua, zinatoka nje nyingi na baadhi ni nzima. Angalia mita ya masaa, iko kwenye paneli. Iwashe, iache izunguke nusu saa kwenye lita ya juu kabisa, kisha ipimwe usafi kwa kipima oksijeni. Fundi yeyote wa vifaa tiba wa hospitali ya rufaa anacho au anajua kilipo. Bila hicho kipimo usilipe. Mashine inaweza kuunguruma vizuri, upepo unatoka kwenye mrija, flomita (kile kipima lita za dakika) inasoma 5, na kinachotoka ni asilimia 60.

Zeolaiti adui yake ni unyevu. Sisi wa Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar, Mombasa tunaijua hewa yetu. Mashine ikikaa stoo miezi imezimwa, inanyonya unyevu na kuharibika bila kutumika. Iwashe mara kwa mara. Chujio la nje lioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, likaushwe kabisa ndipo lirudi. Isibanwe ukutani wala nyuma ya pazia, inahitaji kupumua na yenyewe.

Umeme ukikatika: betri ya kawaida ya 100Ah ya volti 12 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo mashine ya wati 350 itaenda saa moja na nusu hivi, ukitoa na zinazopotea kwenye inveta. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo itakupa karibu saa tatu. Mashine ndogo ya kutoa kwa pumzi inakula wati 40 hadi 60 kwenye namba za chini, betri ileile itailisha usiku kucha. Kwa hiyo kwa wenye uwezo, mashine ndogo ni akiba nzuri ya umeme ukikatika hata kama mgonjwa hatoki. Wasio na uwezo, mtungi mmoja uliojaa ukae nyumbani siku zote, geji ikikaguliwa kila Jumapili.

#6 Nesi wa Wodi ya Mapafu

Fundi, hapo pa "usiku kucha" niweke angalizo. Mashine za kutoa kwa pumzi zinahitaji kuhisi mvuto wa pua. Mgonjwa akilala na kupumua kwa mdomo, au pumzi ikiwa nyepesi, mashine inaweza isihisi. Asilale nayo mpaka daktari ampime usiku akiwa nayo. Pia hazitumiki na maski wala chupa ya maji ya kulainisha hewa, ni mrija wa puani tu.

#7 fundi vifaa tiba DSM

Sahihi kabisa dada, asante kwa kuliweka wazi.

#8 Mnyakyusa wa Kimara

Wakuu tuna msiba Mbeya, na baba mkubwa ana mapafu mabovu anatumia lita 2, anang'ang'ania lazima amzike mdogo wake. Basi linachukua siku nzima. Tunambebaje? Basi lina sehemu za kuchajia kwenye siti.

#9 Mtoto wa Njombe (mleta uzi)

Poleni sana kwa msiba mkuu. Baba mkubwa kumzika mdogo wake ni haki yake, ila tuwe na mpango.

Sehemu za kuchajia za kwenye basi ni za USB, za simu. Haziendeshi mashine ya oksijeni. Msizitegemee hata kidogo.

Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Wekeni hesabu ya saa 14 na akiba juu yake, foleni na matengenezo ya barabara hayana ratiba. Kwa lita 2 kwa dakika, saa 14 ni lita 1,680. Mtungi wa lita 10 ulio kwenye 150 hautoshi. Mingi kwenye basi lenye abiria, chombo cha gesi ya presha, mtu anavuta sigara kituoni, mimi siungi mkono, na makondakta wengi watakataa, kwa haki yao.

Gari dogo ni bora, hata kama ni la kuchangishana. Mashine ndogo yenye waya wa soketi ya gari ya volti 12, na mtungi wa akiba. Mtungi ufungwe mkanda usibingirike, usiwe kwenye buti lenye joto, dirisha liwe wazi kidogo, hakuna sigara. Gawanyeni safari, mlale Iringa kwenye nyumba yenye umeme wa uhakika.

Halafu kuna hili ambalo watu wa nyanda za juu tunalisahau: urefu wa nchi. Dar iko usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwetu Njombe ni karibu 2,000, na huko hewa ina presha pungufu kwa karibu moja ya tano. Mgonjwa anayesoma 91 Dar anaweza kushuka vibaya Mbeya akiwa amekaa tu kwenye kiti. Kabla ya safari aonwe na daktari amwandikie lita za kule, na mtungi au mashine iwepo nyumbani kwa msiba kabla yeye hajafika. Pigeni simu hospitali ya Mbeya leo mjue mtampeleka wapi akizidiwa.

#10 Mnyakyusa wa Kimara

Nimekuelewa mkuu. Tumepata Noah ya shemeji. Daktari tunamwona kesho asubuhi.

#11 binti wa Muscat

Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, nataka mama aje kunitembelea kutoka Dar. Anatumia oksijeni akitembea tu. Ndege wanaruhusu mtungi wake?

#12 Nesi wa Wodi ya Mapafu

Waaleikum salaam dada. Mtungi wake mwenyewe mashirika mengi hayakubali. Wanachokubali ni mashine ndogo ya betri iliyoidhinishwa kwa ndege. Zile zilizothibitishwa kwa kanuni za Marekani zina kibandiko chenye maandishi mekundu kinachosema hivyo, kiangalie kwenye mashine kabla ya kuinunua au kuikodi.

Ndani ya ndege presha huwekwa kama uko mlimani, inaweza kufikia sawa na mita 2,438. Ni kama kuvuta hewa yenye oksijeni 15 kwa mia badala ya 21. Kwa hiyo mama anayeihitaji akitembea tu huku chini, huko juu huenda akaihitaji akiwa amekaa. Daktari aamue namba ya kuweka, wengine hufanyiwa kipimo cha kuvuta hewa ya 15 kwa mia kabla ya safari.

Shirika litampa fomu ya daktari, wengi wanaiita MEDIF. Ianze mapema, si siku mbili kabla. Betri: kanuni inayotumika sana ni betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Safari ya saa 5 na nusu, awe na betri za saa 8 na zaidi, na hesabu ianzie getini si angani. Betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa ndani ya ndege, hazipelekwi kwenye mizigo, na vichwa vyake vifunikwe visigusane na chuma.

#13 Chuga Boy

Wakuu, jirani yangu ana karakana ya kuchomelea, ana oksijeni kibao. Anasema gesi ni ileile inatoka kiwanda kilekile, anaweza kutujazia kwa bei ya kutupa. Kuna ukweli?

#14 fundi vifaa tiba DSM

Usifanye hivyo ndugu yangu, nakusihi.

Gesi inaweza kuwa imetengenezwa kwa njia ileile, lakini mtungi haupiti njia ileile. Mtungi wa tiba unakaguliwa, unasafishwa, unavutwa hewa iliyobaki, gesi inapimwa na kuwekewa lebo. Mtungi wa karakana hujui ulikaa na nini, nani aliuacha wazi mvua ikaingia, una kutu kiasi gani ndani. Hiyo inakwenda kwenye mapafu ambayo tayari ni mabovu.

Na kuhamishia kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira nyumbani ni hatari ya moto. Oksijeni ikiingia kwa kasi kwenye mtungi mtupu inapata joto kali, na tone la grisi kwenye koki linatosha kuwaka. Mikono ya karakana ina grisi. Basi.

#15 Eldoret Daktari wa Miguu

Nawasalimu kutoka Eldoret, sisi tuko mita 2,100 kwa hivyo hiyo maneno ya urefu tunaijua. Nataka kusema juu ya moto. Mama yangu ako na oksijeni na bado anataka kukaa karibu na jiko ya makaa kwa baridi. Tulipata shida sana kumwelewesha.

Oksijeni haiwaki yenyewe lakini inafanya kila kitu kingine kiwake haraka: nguo, nywele, blanketi, na mrija wenyewe. Mgonjwa akae mbali na jiko mita mbili tatu, jiko lolote, la makaa, la gesi, la mafuta taa, hata mshumaa. Sigara kwa nyumba hiyo iishe. Mgonjwa akivua mrija, zima mashine, usiache mrija unapuliza juu ya kitanda, ile godoro inanyonya oksijeni. Na wengi hawajui hii: pua ikikauka msipake mafuta ya mgando ya vaselini, tumieni jeli ya maji.

Sisi tulimnunulia mama chupa ya maji moto na blanketi nzito, jiko ikahamishiwa nje. Moshi ilipungua na kikohozi kikapungua pia.

#16 Kinondoni Mkavu

Kaka wa Eldoret asante. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Mzee wangu anacho kifaa, kimepimwa, kinamtosha. Lakini hataki kuonekana nacho. Tangu awekewe haendi kanisani, anasema watu watamwona anakufa.

#17 Mtoto wa Njombe (mleta uzi)

Mkuu hili ni zito na linawakuta wengi, sisi tulipita hapohapo. Kilichotusaidia ni mambo mawili. Kwanza, hatukuanza na kanisani. Tulimwalika rafiki yake mmoja wa karibu aje nyumbani akae naye mrija ukiwa puani, wakapiga soga mpaka jioni. Aliporudi tena, mrija haukuwa habari. Pili, tulizungumza na mchungaji, akampangia kiti pembeni karibu na mlango ambapo anaingia mapema kabla watu hawajajaa na mtungi unakaa chini ya benchi. Watoto walimwangalia Jumapili ya kwanza. Wakubwa walimsalimia.

Usimlazimishe, lakini usikubali aache kutoka. Mzee akikaa ndani mwaka mzima misuli inakwisha, na huyo wa mwaka ujao hutaweza kumtembeza hata hadi mlangoni.

#18 Kinondoni Mkavu

Nitaanza na shemasi, ni rafiki yake wa siku nyingi. Asante mkuu.

Swali la mwisho, tumeamua kuongeza na mtungi mdogo. Kabla sijanunua niangalie nini?

#19 fundi vifaa tiba DSM

Anza na mahali pa kujazia, mtungi uje baadaye. Baada ya korona hospitali nyingi za rufaa za mikoa zilifungiwa mitambo ya kuzalisha oksijeni, na viwanda vya gesi vipo. Nenda uulize: mnajaza mitungi midogo ya wagonjwa wa nyumbani? Kwa koki ya aina gani? Mitungi midogo mingi ina koki ya matundu ya pini, mikubwa ina koki ya kukaza kwa nati, na kituo kisicho na kiunganishi cha pini hakitakujazia. Nimeona watu wana mtungi mzuri wa alumini kutoka Ulaya umekaa kama pambo kwa sababu hiyo.

Kisha angalia begani pa mtungi, kumegongwa tarehe ya mwisho ya kupimwa presha. Ukiwa umepitiliza hautajazwa mpaka upimwe. Regulata iwe ya oksijeni ya tiba, inayolingana na koki hiyo, na washa ya akiba (kile kipete cha kuziba mvujo kati ya regulata na koki) uwe nayo, ni kipande kidogo kinachopotea kila siku. Fungua koki polepole, mikono mikavu isiyo na mafuta, sikiliza kama inavuja. Ukimaliza funga koki ya mtungi kabisa, usitegemee flomita peke yake, vinginevyo asubuhi utakuta geji iko sifuri.

Ukipata kituo cha kujaza mtaani kwenu kiandike hapa na wilaya, tuanze orodha.